Gunia la saumu na shoo ya kwanza Arusha

WEWE wa Sinza au Ilala, shoo kwako ni kupanda daladala na kushuka. Ukiikosa ya wiki hii, unangoja ya wiki ijayo. Sisi wa Hanang na Mbulu mambo ni tofauti, bwana. Kwetu shoo kubwa ni safari, tena ya kujipanga kama unakwenda harusini.

Tulikuwa wanne. Mimi natoka Katesh, chini ya Mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Mashosti zangu wawili, pamoja na kaka wa mmoja wao, wanatoka Bashay huko Mbulu, ambako vitunguu saumu ndiyo benki ya watu. Mshiko wa safari ulitoka hukohuko shambani. Mama yao alipouliza gunia moja limeuzwa kwa ajili gani, akaelezwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kwa hiyo wanangu gunia zima mnakwenda kulipigia kelele?"

Swali zuri hilo. Nauli ya kwenda na kurudi peke yake ilizidi bei ya tiketi, hapo hujala wala hujalala. Pesa hiyo kijijini ni mbolea. Sasa kwa nini tulikwenda?

Nianze na shosti mmoja, yule aliyezimika na BTS, wale vijana saba wa Korea walioanza kutamba mwaka 2013. Kikorea hakijui, lakini anajua kwamba mashabiki wao wana maneno yao ya kuitikia. Wimbo ukianza tu, umati mzima unaita majina ya wale vijana kwa mpangilio, mmoja baada ya mwingine, huku taa za mkononi zikiwaka uwanja mzima. Yeye amekariri yote kwenye simu. Tatizo ni kwamba anaitikia peke yake jikoni, na simu haina habari kama yupo. "Seoul ni mbali," akatuambia, "ngoja nikajaribie Arusha."

Mimi nilikuwa na langu. Mtu wa Katesh hawezi kuutazama mlima bila kukumbuka tarehe 3 Desemba 2023. Mvua zilinyesha, sehemu ya mlima ikameguka, tope, mawe na magogo vikateremka hadi mjini Katesh na vijiji kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Tangu siku zile, umati mkubwa kwangu ulikuwa na maana moja tu: msiba. Nilitaka kusikia watu maelfu wakikusanyika kwa raha wanatoa sauti gani.

Basi alfajiri nikapanda gari Katesh, mlima umejifunika wingu kama mtu na shuka lake. Lami ipo, hatulalamiki. Wenzangu walikata njia ya Mlima Magara, ile inayoporomoka ukingo wa Bonde la Ufa. Wanasema pale kwenye kona hakuna anayepiga stori, kila mtu anasali kwa dhehebu lake. Mimi nikapita Babati, na tukakutana Mbuyu wa Mjerumani. Huko ndiko tulikopatana, maana viti vyao nilikuwa nimeshavilipia. Kutoka hapo ni Minjingu kwenye kiwanda cha mbolea (kaka mtu akakitazama kwa aibu kidogo), halafu Makuyuni, Kisongo, na jiji hilo hapo.

Arusha kwa muziki si mji wa kubeza. Ndiko walikotoka X Plastaz, na ndiko kwao Joh Makini na kundi zima la Weusi. Shoo yetu ya bongo fleva ilikuwa Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Huyo mzee mwenye jina lake alikuwa meya wa Dar es Salaam na mshairi mkubwa wa Kiswahili, aliyeandika kitabu cha kufundisha sheria za kutunga mashairi. Kwa hiyo mtu wa mistari ukisimama pale, umesimama kwa mwenyewe.

Tiketi ilisema saa mbili usiku. Waandaaji, ambao siwataji, walitupigia nyimbo za kwenye kompyuta hadi saa tano. Baridi nayo ikaingia kazini. Mwanzoni watoto wa mjini walitucheka kwa masweta na mashuka yetu, eti wameshuka watu wa milimani. Ilipofika saa sita, dada mmoja aliyevaa kigauni cha mabega wazi akanisogelea kwa adabu zote: "Samahani dada'angu, hilo shuka tunaweza kujifunika wawili?" Tukajifunika.

Halafu msanii akapanda. Akaimba kidogo, akanyamaza, akatugeuzia maiki. We acha tu! Uwanja mzima ukamalizia mstari. Nikamtazama shosti wa BTS: macho yamemtoka, mdomo umesahau kufunga. Akaitikia mstari wa pili, wa tatu, mpaka akawa anatangulia kabla ya maiki kugeuzwa.

Kaka mtu akaniinamia sikioni: "Si kama slufay hii?" Kwa usiyejua, slufay ni maneno ya baraka ya wazee wa Kiiraqw. Mzee anasema, waliokusanyika wanaitikia, anaendelea, wanaitikia tena. Hakuna anayekaa pale kama mtazamaji. Wazee huombea amani na mvua njema. Sisi tulikuwa tunaomba wimbo urudiwe. Lakini namna ya kuwa pamoja ni ileile, na sisi watoto wa milimani tulikuwa tumeizoea kabla hatujaijua simu.

Na mimi nikapata jibu langu. Ile sauti ya watu maelfu inaanzia miguuni, inapanda tumboni, ndipo inafika masikioni. Niliipiga na yangu mpaka ikakauka. Asubuhi stendi nilikata tiketi ya kurudi kwa ishara ya vidole.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu wa wilayani, usione aibu kutoka mbali. Mama wa Bashay aliuliza vizuri na anastahili hesabu: mbolea ya msimu kwanza, kinachobaki ndicho cha shoo. Sisi tulifanya hivyo, ndiyo maana ilituchukua misimu miwili. Ila usiende peke yako. Muziki wa peke yako unao tayari kwenye simu. Tafuteni wenzenu watatu, mchange, mwende mkaitikie.

Na sweta msisahau.