Kilo 15 za Kwenda kwa Bibi

Mizani ya kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Arusha, ule wa Kisongo, haina huruma. Hasa ukiwa umesimama mbele yake na mtoto wa miezi 8 mgongoni, mwingine wa miaka mitatu na nusu anakuvuta sketi akidai kwenda haja ndogo, na nyuma yako kuna foleni ya watalii wenye kibegi kimoja kimoja kilichofungwa kijeshi. Kijana wa mapokezi aliangalia namba, akaniangalia mimi, akarudi kuangalia namba.

"Dada, hapa kuna kilo 61. Mna viti vitatu. Kila kiti kilo 15."

Hesabu ya darasa la pili hiyo: 45. Mtoto wa kupakatwa hana mgao wa mizigo. Nilikuwa na kilo 16 za ziada, na ndege inaondoka baada ya dakika 40.

Baba Bosi alikuwa amesimama pembeni, hedfoni masikioni, macho kwenye simu. (Bosi ni mkubwa wetu, mdogo tunamwita Kitumbua. Majina yao ya kweli nayaficha, wakikua wasinishitaki.) Nikamwita mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu akageuka, akanipa yale maneno mawili ambayo ukimwambia mwanamke aliyesimama mbele ya mizani umeshaanzisha vita: "Si nilikwambia?"

Basi bwana, nikapiga magoti pale pale sakafuni, nikafungua mabegi mbele za watu.

Kabla hujanicheka, sikia kilichonifikisha pale. Mimi ni mtoto wa Rhotia, kilomita chache kabla hujaingia Karatu mjini ukitokea Mto wa Mbu. Miaka ya 1990, kabla ya lami ya kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro, barabara yetu ilikuwa vumbi jekundu tupu. Gari la watalii likipita unafunga macho na kuhesabu hadi ishirini. Ila juu yetu vilikuwa vinapita vindege vidogo vikishuka kwenye uwanja wa Manyara, pale juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Tulikuwa tunaacha majembe na kuvipungia mikono. Nikajiapia kwamba ipo siku nitakuja nyumbani hivyo.

Mwaka jana mama yangu alianguka shambani akavunjika nyonga. Mimi nilikuwa nimetoka kujifungua, sikuweza kwenda. Miezi saba mama anamwona mjukuu wake kwenye simu tu, tena mtandao ukitaka. Kazini nilipopata ruhusa ya siku 6, nikapanga safari ya ndoto: Dar hadi Arusha kwa ndege ya pangaboi, halafu Arusha hadi Manyara kwa kale kandege. Mume wangu alisema kidogo tu kwamba kutoka Arusha tungeweza kukodi gari. Nikamwambia barabara itawachosha watoto. Uongo mtupu. Arusha hadi Karatu ni kilomita zipatazo 140 za lami safi, na kwa kweli gari linakuacha mlangoni. Mimi nilitaka kutua.

Sasa turudi sakafuni Kisongo, maana pale ndipo nilipojifunza kufunga begi.

Kwanza nilitoa beseni la kuogea. Ndiyo, nilibeba beseni, kama vile Karatu hawaogi. Kikafuata kigari cha kusukumia mtoto, ambacho kwenye ardhi ya Rhotia kingekuwa mapambo. Nikatoa nusu ya pampasi, kwa sababu Karatu mjini ni mji wa watalii na maduka yapo. Jozi tano za viatu vya Bosi, wakati huwa anavaa ndala mpaka zichomolewe kwa nguvu. Kilichobaki kilikuwa kidogo cha kuchekesha: mbeleko, shuka la Kimasai, masweta na kofia za sufu, kadi ya kliniki na vyeti vya kuzaliwa.

Vyeti usiviache, hata kama unaruka ndani ya nchi. Mashirika mengi yanamhesabu mtoto aliye chini ya miaka 2 kuwa wa kupakatwa, analipiwa sehemu ndogo ya nauli, mara nyingi kama asilimia 10, na wanaweza kukutaka uthibitishe umri. Kila mtu mzima anapakata mmoja tu, kwa hiyo mwenye mapacha asiende peke yake akidhani atajieleza. Na ukipewa ule mkanda mdogo wa mtoto unaochomekwa kwenye wako, uutumie. Usimfunge mtoto pamoja nawe ndani ya mkanda mmoja. Ndege ikishtuka, uzito wako wote unamkandamiza yeye.

Kosa langu lilikuwa hasira. Kulikuwa na kimfuko kidogo cha dawa, ndani yake mna matone ya maji chumvi ya puani, maana Kitumbua alikuwa na mafua mepesi. Kimfuko chenyewe hakifiki robo kilo. Lakini mume wangu aliuliza, "Na hicho nacho?" basi nikakitupa kwenye rundo la vinavyobaki ili ajue nimechukia. Shemeji yangu aliyekuja kutusalimia uwanjani akabeba lile rundo, atalipakia kwenye gari la Karatu kesho yake.

Safari ya kwanza, ya kutoka Dar, ilikuwa imeenda vizuri mno, ikanivimbisha kichwa. Ndege kubwa ina choo, ina mhudumu, na ndani hewa imeshindiliwa. Msiba pekee ulikuwa kikombe cha Bosi chenye mrija. Huko juu presha ya hewa inashuka, juisi iliyofungwa ndani inatafuta pa kutokea, ukifungua inaruka kama bomba. Iliruka hadi kwenye shati la mzee wa watu aliyekaa dirishani. Fungua taratibu, ukiwa umefunika kwa kitambaa. Na blauzi ya akiba ibebe ya kwako wewe. Nguo za watoto wote tunakumbuka, wakati mtoto akitapika anakutapikia wewe.

Kale kandege ka Manyara ni mambo mengine. Kana injini moja na viti kama kumi na viwili. Hakana choo wala mhudumu, na unamwona rubani mgongo. Ndani hewa haijashindiliwa, kwa hiyo kakipanda na masikio yako yanapanda, kakishuka yanashuka nako. Tena tuliruka saa 8 mchana, saa mbaya kuliko zote. Ardhi ikishapata jua hewa ya moto inapanda, ndege inarushwa kama daladala kwenye matuta. Ukiwa na watoto, chukua ya asubuhi.

Nilimnyonyesha Kitumbua wakati wa kuruka, akashiba, akalala. Nikajipongeza. Hapo ndipo nilipokosea tena. Masikio yanauma zaidi wakati wa kushuka kuliko wa kupanda. Kale kamrija kanakosawazisha hewa kati ya sikio na koo ni kembamba kwa watoto, na mafua yakikaziba, kazi unayo. Mtoto anatakiwa awe macho, anyonye au ameze kitu, tangu ndege inapoanza kuteremka. Kwa ndege kubwa hiyo ni kama nusu saa kabla ya kutua. (Mkubwa mpe maji ya kunywa kidogo kidogo. Pipi ngumu kwa mtoto wa chini ya miaka 4 inaweza kumkaba. Na ile siri ya majirani, kumpa mtoto dawa ya mafua ili alale njia nzima, iacheni. Madaktari wa watoto hawaishauri, na wengine badala ya kulala wanachangamka hadi unajuta.)

Tulipolivuka Ziwa Manyara kuelekea ule ukuta wa Bonde la Ufa, ndege ikaanza kucheza. Kitumbua akaamka na yowe ambalo sijawahi kulisikia kwake. Nikampa ziwa, akalikataa. Pua imeziba, atanyonyaje na kupumua kwa wakati mmoja? Matone yako Kisongo. Nikageuka kumtazama mume wangu, nimejaza mdomo maneno ya kumwambia.

Sikuyasema. Mkono wake ulikuwa umeshika chuma cha kiti hadi vifundo vimekuwa vyeupe. Shingo imelowa jasho. Midomo inacheza bila sauti. Na ule waya wa hedfoni, nikaufuata kwa macho kutoka sikioni kushuka chini: haukuwa umechomekwa popote. Unaning'inia tu hewani.

Miaka 6 ya ndoa, sikuwa najua.

Nikamfuta Kitumbua pua kwa ncha ya khanga, nikamweka wima, akapata pumzi, akashika ziwa sekunde tatu, akaachia, akalia, akashika tena. Bosi naye, Mungu ambariki, alikuwa anaimba wimbo wa chekechea kwa sauti ya juu kabisa. Nikauchukua ule mkono wa mume wangu kutoka kwenye chuma nikauweka kwenye kiguu cha mtoto. Akakishika hivyo hivyo hadi magurudumu yakagusa ardhi.

Mama alikuwa amekaa nje kwenye kiti, fimbo yake ya kutembelea pembeni, amevaa kitenge kipya. Hakusema kitu. Alimpokea Kitumbua, akamnusa utosini, akafumba macho. Baadaye sana ndipo akaniambia kuna ndege ilipita mchana, akaomba wamtoe nje na kiti chake kwa sababu alijua ni sisi. "Nilipunga mkono," akasema. "Mliniona?"

Mwenzenu sikuwa hata nimeangalia dirishani. Safari yote niliyoiota tangu utotoni, na sikuangalia.

"Tulikuona, mama," nikamjibu.

Usiku ule baridi ya Karatu ilituminya wote wanne kwenye kitanda kimoja. Masweta yalilipa uzito wao. Watoto walipolala nikamuuliza. Akaniambia ni tangu safari yake ya kwanza ya ndege, alipotumwa Mwanza kikazi kabla hatujaoana. Ndege ilikaribia kutua, ikapaa tena ghafla, ikazunguka, na kuanzia siku hiyo kila anapopanda mwili unamkataa. Hedfoni ni za kujifichia, mtu asimsemeshe.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulivyokuwa unaiongelea safari yenyewe? Ningeanzia wapi?"

Nilitaka kujibu, nikakosa jibu. Nilikuwa nimekaa wiki nzima nikiorodhesha vitu vya kubeba, hadi beseni, na sikuwahi kumuuliza mwenzangu nani atampakata nani na nani akae wapi, wala kama yeye mwenyewe yuko sawa. Na yeye naye, tusimwonee huruma sana, alikuwa radhi nimwone mzembe kuliko nimwone mwoga. Tulinuniana kidogo usiku ule, tukachekana kidogo, tukalala.

Siku ya nne tulipanda Ngorongoro, hadi pale kwenye ukingo magari yanaposimama watu waone kreta. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Ulipofunguka, chini yako kama mita 600 kuna kilomita za mraba zipatazo 260 za majani, na ziwa linang'aa kama sahani. Mume wangu alibaki nyuma karibu na gari, kamfunga Bosi kwenye shuka la Kimasai. Nikamwambia nilichokuwa nimekisoma: ukingo ule uko kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na ndege kubwa zikiwa juu kabisa hewa ya ndani huwekwa kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400.

"Kwa hiyo hapa nilipo ndiyo hewa ya ndani ya ndege," akasema.

"Ndiyo hiyo."

Akavuta pumzi, akatoa. "Mbona nzuri tu?" Lakini hakusogea karibu.

Kurudi tulikubaliana mapema. Gari hadi Kilimanjaro, halafu pangaboi ya asubuhi. Yeye kiti cha njiani, asione dirisha, na Kitumbua anampakata yeye, maana alisema akiwa na kazi mikononi akili yake inatulia. Mimi na Bosi dirishani. Matone mfukoni mwangu. Nguo chafu tulifungia kwenye mfuko wa kitambaa wenye kamba. Siku hizi hakuna rambo za kukuokoa, zilipigwa marufuku kuanzia Juni 1, 2019, na hakuna mtu mwenye watoto ambaye hajazikumbuka akiwa safarini.

Tatizo likawa mama. Ukienda kwao na mabegi matupu unajua yatakavyorudi. Alitufungia maharage, unga wa ngano ya shambani, na vitunguu vya Mangola. Nikamwambia mama, ndege ina kilo zake. Akanitazama kama nimemtukana. "Yaani ndege inakataa vitunguu?"

Kwenye mizani ya Kilimanjaro begi moja likasoma kilo 3 zaidi. Nikaanza kupiga magoti, mazoea hayo. Baba Bosi akanigusa bega, hana waya wowote masikioni. Akafungua zipu, akatoa buti zake zile za bei, akavua raba alizovaa akazichomeka begini, buti akavaa yeye. Haikutosha. Akatoa jaketi lake zito, akalivaa juu ya sweta, katika joto lile, kisha akasukuma vitunguu vya mama mkwe wake hadi chini kabisa ya begi na kufunga.