Kopo Lililonyamazishwa

Leo hakuna video. Hii siwezi kuiweka kwa sekunde thelathini, kwa hivyo vumilieni maandishi.

Nilipoachana na chuo nilihamia keja ya chumba kimoja huku Roysambu na beshte yangu. Tuligawana kodi, sufuria, hadi malapa. Kitu kimoja tu hakunigawia: kwamba alizaliwa na virusi vya ukimwi. Alikuwa ameshazoea. Kidonge kimoja, saa tatu usiku, maisha yanasonga.

Halafu nikatoa ile video. Wengine mnaikumbuka. Nilivaa suruali kubwa ya babangu, nikatingisha kopo la dawa kama kayamba, nikaigiza msee amekonda. Ndiyo ilikuwa video yangu ya kwanza kuvuma. Beshte yangu ndiye aliyeshika simu kurekodi, na alicheka kuliko sisi sote.

Usiku huo huo alifunga vidonge vyake kwa tishu ili kopo lisitoe sauti. Baadaye akavificha ndani ya begi. Lakini keja ya chumba kimoja haina kona, na saa tatu usiku mimi huwa nimekaa hapo hapo nahariri. Leo akaruka, kesho akaruka. Baada ya miezi kadhaa akaacha kabisa, na mimi nikiwa hatua mbili kutoka kitandani kwake.

Kisha kichwa kikaanza kumuuma. Tulinunua dawa za maumivu dukani, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilimwambia ni mawazo, apunguze simu. Akaanza kutapika. Mwanga ukawa unamuumiza macho. Asubuhi moja akaniita kwa jina la kaka yake, na hakuwa anatania. Nilimbeba kwa boda, nimemshika kwa nyuma asianguke.

Daktari hakuniambia kitu, na ni sawa, siri si yangu. Yeye mwenyewe aliniambia siku alipopata fahamu vizuri. CD4, zile chembe za damu zinazoongoza ulinzi wa mwili, zilikuwa 61. Mtu mwenye afya huwa na 500 kwenda juu. Zikishuka chini ya 200, mlango uko wazi. Walitoa maji kwenye uti wa mgongo wakakuta fangasi aina ya kriptokokasi, wale hukaa kwenye udongo na kinyesi cha ndege. Mimi na wewe huenda tumeshawavuta tukipita chini ya njiwa na hatukujua. Kwake walipanda hadi kwenye ubongo. Ndiyo maana huitwa magonjwa nyemelezi. TB ndiyo inaongoza kwa kuua watu wenye virusi, lakini haiko peke yake kwenye foleni.

Kitu kilichonishtua zaidi: hawakumrudishia ARV hapo hapo. Kwa ugonjwa huo husubiri kama wiki 4 hadi 6 huku wakipiga fangasi kwanza, kwa sababu ulinzi wa mwili ukiamka kwa fujo, ubongo unaweza kuvimba zaidi. Yaani dawa aliyoiacha kwa aibu, sasa aliitaka na hangeweza kuipata bado.

Nilimuuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Buda, sikuogopa kufa. Niliogopa kuwa kontenti."

Nilifuta video. Haitoshi, najua.

Ninachotaka kusema ni hiki. Kila mtu husema "meza dawa kwa wakati" kana kwamba shida ni kusahau. Beshte yangu hakusahau hata siku moja. Kengele ya simu ililia kila usiku, akaizima. Dawa hutolewa kliniki, lakini humezwa hosteli, kwa keja, mbele ya watu kama mimi. Kama sisi ndio tunacheka, sisi pia ni sehemu ya ugonjwa.

Na wewe uliyeruka dozi, rudi. Usingoje uumwe. Watakupima, na kama virusi vimekuwa sugu kuna dawa nyingine. Kama kichwa kinauma wiki nzima, usidanganye daktari kuhusu dawa ulizoacha. Ukweli huo ndio utamwonyesha atafute nini.

Beshte yangu amerudi. Vipimo vya mwisho vilionyesha virusi havionekani kwenye damu, na akibaki hivyo hawezi kumwambukiza mpenzi wake kwa ngono. Hiyo ni sayansi, si kujifariji. Nimeandika haya kwa ruhusa yake, na jina lake mtalitafuta bure.

Bado tuko keja ile ile. Saa tatu ikifika, mimi nachota maji. Yeye anachukua kopo, analitingisha kwa nguvu karibu na sikio langu, kisha anameza. Tishu alitoa.