Hema la Kusimama

Kwetu Nyamongo, turubai likionekana uani majirani huja kwa moja ya mambo mawili, harusi au msiba. Ndiyo maana alasiri ile tulipolisimamisha hema jipya mbele ya nyumba, jirani yetu Mkurya alifika mbio, kanga kiunoni, akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyetutoka. Tukamwonyesha Bibi, aliyekuwa ameketi ndani ya hema juu ya mkeka, akimenya chungwa. Jirani alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza swali la haki: watu wenye nyumba ya matofali wanatafuta nini ndani ya kitambaa?

Jibu lake lilianzia likizo ya Desemba iliyotangulia. Tunaishi karibu na Hifadhi ya Serengeti, lakini watoto wetu watatu walizoea malori ya mgodi kuliko wanyama; simba walimjua kwenye kalenda. Tukaazimia kupita Mugumu, kuingia kwa lango la Ikoma na kulala siku mbili katika kambi ya umma ya Seronera, kwa kuwa hoteli za ndani ya hifadhi si za mfuko wetu. Hema tulilinunua kwa haraka. Muuzaji alisema ni la watu sita, nasi pamoja na Bibi tulikuwa sita. Tukaona hesabu imetimia.

Hatukujua kwamba hesabu ya watengenezaji wa mahema huwalaza watu kama dagaa waliotandazwa juani: kila mmoja takriban sentimita 60, bila mizigo wala nafasi ya kugeuka. Tangu siku ile kanuni yetu ni kuhesabu watu kisha kuongeza wawili au watatu.

Lakini ubana haukuwa tatizo kubwa. Binti yetu, mwenye miaka 13, alichungulia ndani, akamtazama kaka yake wa miaka 11, akanyamaza. Dini yetu imetufundisha kuwatenganisha watoto malazi wafikapo miaka 10. Nyumbani tunalitimiza bila hata kulifikiria, kwa sababu kuta zipo. Hapa palikuwa na chumba kimoja. Binti akachukua blanketi, akaenda kulala garini na Bibi. Kabla ya hapo alikuwa amebadili nguo hemani taa ikiwa imewashwa, na mama yake, aliyekuwa nje, akaona kivuli chake chote kimechorwa ukutani, mbele ya kambi nzima. Aliizima taa haraka, lakini mtoto alikwisha kuelewa.

Usiku wa manane mvua ikashuka. Paa lilikuwa la tabaka moja, likavuja kwenye mishono. Ilipoingia Alfajiri nje kulikuwa giza, na fisi walikuwa wamelia karibu nasi usiku kucha. Kambi zile hazina uzio. Kutoka hatukuthubutu. Ndani, hema lenye kimo cha sentimita 130 halimpi mtu mzima nafasi ya kusimama, na kisimamo ni nguzo ya sala ya faradhi kwa mwenye uwezo. Tukakaa macho kwenye saa mpaka mwanga ulipotosha, tukasali nje kwenye matope dakika chache kabla jua halijachomoza.

Mchana tuliwaona tembo, tukawaona simba, na wavulana wakafurahi. Njiani kurudi binti akasema kwa adabu, "Baba, Mama, safari ijayo mniache kwa shangazi." Neno lile lilituuma kuliko mvua.

Kwa hiyo hema la pili tulimpa yeye achague. Alikwenda dukani na futi ya fundi cherehani. Kwanza alipima kimo: mita mbili katikati, ili baba yake asimame akiwa na kofia. Akataka vyumba viwili vyenye sebule kati, na pazia zito badala ya wavu. Akamwomba muuza duka aingie na tochi, yeye akabaki nje kuangalia vivuli. Mahema kadhaa yalikataliwa kwa sababu hiyo peke yake.

Jambo la sakafu tulilisisitiza sisi. Uwezo wa kitambaa kuzuia maji huandikwa kwenye lebo kwa milimita, yaani kimo cha maji ambacho kitambaa hustahimili kabla ya kupenyeza. Paa la 3,000 linatosha kwa mvua zetu, ila sakafu yataka zaidi, kwa kuwa kinacholazimisha maji kupenya ni mgandamizo. Na nani hugandamiza sakafu ya hema kuliko anayesujudu? Kule Seronera kila tulipopiga magoti paliota vidimbwi viwili.

Hema la masika, vuli na kiangazi liwe na paa la nje linaloshuka hadi karibu na ardhi, mishono iliyobandikwa utepe, na madirisha ya wavu juu ya kupitisha joto. Baridi usiidharau: Seronera iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni huuma. Bibi alipendekeza tuingize jiko la mkaa. Tukamkatalia kwa heshima. Moshi wa mkaa huua kimya, na moto wa mahema ya Mina mwaka 1997 uliwaua mahujaji 343. Baada ya msiba ule ndipo yakawekwa mahema yasiyoshika moto upesi. La kwetu si la aina hiyo.

Basi jirani alipomaliza kucheka tulimweleza haya yote, naye akaomba ndoo. Aliipanda ngazi ya fundi, akamwaga maji juu ya hema mara tatu, akilenga mishono kwa makusudi. Ndani, binti alipapasa kila kona, kisha akasujudu mahali pakavu, akatulia kidogo, akainua kichwa. "Hakuna maji!"

Juni hii, inshaallah, tutaondoka baada ya sala ya Alfajiri. Binti ameshaandika orodha ya mizigo, na futi yake ameiweka ya kwanza. Shangazi yake hajaambiwa lolote.