Safari ya Watu Wawili: Kutoka Amagoro Hata Lamu

Mtu akaaye Amagoro hana haja ya kuambiwa kwamba bahari ipo. Mchana na usiku malori hupita karibu na mlango wake yakielekea Malaba, nayo yamebeba mafuta, ngano na nguo zilizoshushwa katika bandari ya Mombasa, mwendo wa zaidi ya kilomita 900. Reli nayo, iliyofika Kampala mwaka 1931, yapita pale pale Malaba. Hivyo bahari huwaletea watu wa mpakani vitu vyake siku zote. Lakini ni wachache mno kati yao waliokwenda kuiona yenyewe.

Miongoni mwa hao wachache ni bwana mmoja na mkewe, waliofunga safari mwezi wa Desemba mwaka 2022. Bwana ni karani katika ofisi ya mizigo. Mkewe hulima wimbi na mihogo, na asubuhi huuza chai na maandazi kwa madereva. Katika miaka 24 ya ndoa yao walikuwa wamesafiri pamoja mara nyingi, lakini daima kwa ajili ya matanga, arusi, au kumpeleka mtoto shuleni. Kwa ajili ya nafsi zao hawakuwa wamesafiri hata mara moja.

Fedha za safari zilikuwa zimewekwa kidogo kidogo kwa miaka mitatu ili kununulia mabati ya jiko. Majirani walipopata habari walicheka, wakasema kwamba mwenye akili haachi paa la majani linalovuja akaenda kutazama maji. Bibi mwenyewe alikuwa karibu kukubaliana nao, kwa kuwa aliogopa maji tangu utoto wake, alipouona mto ukifurika na kuchukua ng'ombe. Lakini mumewe alimwambia, "Mama, mabati tutayanunua mwaka ujao. Watoto wamekwisha kutoka nyumbani, nasi hatujakaa pamoja hata juma moja."

Njia ya Kwenda

Walipanda basi la usiku hata Nairobi, kisha treni ya reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 hata Mombasa. Kutoka hapo walichukua basi jingine kupitia Malindi, Garsen na Witu, wakafika Mokowe, ambapo barabara hukoma ukingoni mwa maji. Abiria wote wa kwenda Lamu hushuka hapo na kuvuka kwa chombo. Bibi alivaa koti la kuelea, akafumba macho, akamshika mumewe mkono hata walipofika gatini.

Lamu ni mji wa kale sana, na mwaka 2001 uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe, na njia zake ni nyembamba hata magari hayawezi kupita; mizigo hubebwa na punda na mikokoteni. Ngome yake ilimalizika kujengwa mwaka 1821, ikatumiwa kuwa gereza hata mwaka 1984, na sasa ni nyumba ya makumbusho. Kwa watu waliozoea kelele za malori, jambo la kwanza lililowashangaza lilikuwa ule utulivu.

Jambo la pili lilikuwa lugha. Wote wawili walidhani kwamba wanajua Kiswahili vizuri. Lakini siku ya kwanza mwanamke mmoja mzee alisimama mlangoni pake akamwita Bibi kwa upole, "Ndoo, mwanangu, ndoo." Bibi akatazama huku na huku akitafuta ndoo ya kuteka maji, mpaka kijana mmoja alipomweleza kwamba kwa Kiamu "ndoo" ni "njoo". Mzee alikuwa akimkaribisha kahawa. Wakacheka wote watatu, na tangu siku hiyo Bibi alikaribishwa pale kila jioni.

Siku za Kukaa Kimya

Walipanga chumba kule Shela, mwendo wa kama saa moja kwa miguu kutoka mjini, penye pwani ndefu ya mchanga mweupe. Ajabu ni kwamba siku mbili za kwanza hazikuwa na raha kubwa. Walikaa chini ya kivuli kama watu wanaongoja basi. Nyumbani mazungumzo yao yalikuwa ni karo, ng'ombe na magonjwa. Hapa hapakuwa na ng'ombe wala karo, na kila mmoja aliona haya kidogo mbele ya mwenziwe.

Jioni ya siku ya tatu Bwana alimweleza mkewe jambo alilolificha kwa miaka sita, kwamba aliwahi kuomba cheo kazini akakataliwa. Mkewe akajibu, "Baba, niliyajua hayo siku ile ile, kwa jinsi ulivyokiacha chakula. Nilingoja useme mwenyewe." Wakazungumza hata usiku ukawa mwingi.

Maji Kujaa na Kupwa

Kesho yake walikodi mashua ya tanga kwenda Takwa, katika kisiwa cha Manda. Hapo zamani palikuwa na mji wa Waswahili, uliohamwa katika karne ya 17. Leo msikiti wake mkubwa, kuta za nyumba na kaburi lenye nguzo ndefu vingali vyaonekana kati ya mibuyu. Njia ya kufika ni mkondo mwembamba ulio kati ya mikoko, nao haupitiki ila maji yakijaa.

Njiani nahodha aliwafundisha mambo ambayo watu wa bara hawana budi kuyajua. Maji ya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja, na kila siku huchelewa kwa muda wa dakika kama 50. Mwezi uandamapo na uwapo mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana; hayo huitwa bamvua. Kati ya nyakati hizo huwa maji mafu, ambayo hayapandi wala hayashuki sana. Ukitaka kujua yaendako, tazama alama ya unyevu juu ya mizizi ya mikoko.

Bwana alisahau saa kwa kutazama magofu. Aliyeona hatari ni mkewe, yeye aliyefumba macho kule Mokowe. Alikuwa ameketi karibu na mashua, akaona mizizi imelowa kwa kiasi cha shibiri moja juu ya maji. Akamwita mumewe kwa sauti kuu. Waliondoka mara moja, lakini hata hivyo mashua ilikwaruza tope mara mbili, nahodha akaisukuma kwa upondo. Walipotoka mkondoni na tanga kushika upepo wa kaskazi, nahodha akasema, "Mama huyu angeweza kuwa baharia." Kama wangechelewa, wangelala pale mpaka maji yarudi.

Walikaa siku saba, wakarejea Amagoro. Mvua za Machi zilipoanza, jiko lilivuja kama majirani walivyosema, na Bibi alihamisha vyungu vyake pembeni bila kulalamika. Mabati yalinunuliwa mwezi wa Desemba uliofuata.

Si kila mtu awezaye kwenda Lamu, na hakuna aibu katika hilo. Lakini mkulima hulaza shamba ili lipate nguvu, wala hakuna amwitaye mvivu. Mume na mke nao wana haki ya siku chache za namna hiyo, ikiwa ni baharini, au ziwani kule Port Victoria ambako si mbali, au hata chini ya mwembe wao wenyewe.