Mikono ya Hospitali

Mabishano ni chumvi ya siasa. Taifa lisilobishana juu ya mambo yake hufanana na nyumba ambamo watu wote wamelala: pana utulivu ndani yake, lakini mwizi akija hana wa kumzuia. Kwa hiyo mimi sichukii mabishano juu ya matengenezo ya huduma za afya. Afya ni jambo la kila mtu, na jambo la kila mtu lastahili kusemwa na kila mtu. Ninalolichukia ni hesabu moja ambayo aghalabu huingia katikati ya mabishano hayo imevaa vazi la busara, watu wakaipisha njia bila ya kuiuliza jina. Hesabu hiyo husema kwamba hospitali ina mafungu mawili: fungu la matibabu na fungu la mishahara; na ya kuwa fungu la pili likipunguzwa, la kwanza litanenepa.

Aisifuye mvua imemnyea. Mimi nimenyewa na hesabu hii, nami nitasema niliyoyaona.

Mama yangu alikuwa mhudumu wa wodi katika hospitali ya wilaya ambayo sina haja ya kuitaja. Aliianza kazi hiyo mwaka 1974. Hakuwa mganga wala mwuguzi, na katika daraja za utumishi jina lake lilikuwa karibu na mwisho wa orodha. Alipiga deki sakafu, akamwaga mabeseni, akafua mashuka yenye damu, akawalisha uji wale ambao mikono yao haikuweza kushika kijiko. Wagonjwa wasioweza kujigeuza aliwageuza kila baada ya saa kadhaa, upande wa kulia na upande wa kushoto, ili ngozi yao isioze kwa kulaliwa. Usiku alipita kitanda hata kitanda, akisikiliza pumzi. Pumzi ya mtu aliyelala na pumzi ya mtu anayezidiwa hazikuwa kitu kimoja masikioni mwake. Aliposikia ya pili alikwenda mbio kumwita mwuguzi. Mwaka 1995 alipewa barua na kiinua mgongo, akaambiwa kwamba nafasi yake imeondolewa.

Barua ile haikuanguka kutoka mbinguni. Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, maradhi yalihesabiwa pamoja na ujinga na umaskini kuwa maadui watatu wa taifa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaelekeza macho vijijini. Zahanati na vituo vya afya vikajengwa mahali ambapo zamani mgonjwa alichukuliwa begani mwendo wa siku nzima. Mwaka 1977 sheria ikakataza matibabu ya binafsi ya kutafuta faida, kwa imani kwamba uzima wa binadamu si bidhaa ya sokoni. Kisha dhiki ikaja. Vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta iliyopanda na bei ya mazao iliyoshuka zilikausha hazina. Mwaka 1986 Serikali ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na kubana matumizi kukawa amri ya siku. Mwaka 1991 milango ya matibabu ya binafsi ilifunguliwa tena; mwaka 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia gharama katika hospitali za Serikali; na katika miaka ya 1990 ajira mpya zilizuiwa na maelfu ya watumishi wa Serikali wakapunguzwa.

Nilikuwa kijana wa sekondari, nikisikiliza mabishano ya siku hizo barazani na redioni. Upande mmoja ulisema: Ya nini kuwalipa watu wengi mshahara usiotosha hata juma moja, hali kabati la dawa ni tupu? Heri watumishi wachache walioshiba kuliko wengi wenye njaa. Hoja hiyo haikuwa ya kipumbavu. Mishahara ilikuwa imeliwa na kupanda kwa bei, na katika orodha za malipo yalikuwamo majina ya watu ambao hawakuwako kazini wala duniani. Upande wa pili ulisema: Kumtoza fukara mlangoni mwa hospitali ni kumwambia arudi akafie nyumbani kwake. Hoja hiyo nayo ilikuwa na uzito, ingawa aliyeisema aghalabu hakuonyesha fedha za dawa zitatoka wapi. Kila upande ulikuwa na sehemu ya haki, na kila upande uliitumia sehemu hiyo kama fimbo ya kumpigia mwenzake. Walakini katika kelele zote zile sikumsikia hata mmoja akiuliza: mhudumu akiisha kuondoka, ni nani atakayemgeuza mgonjwa saa nane ya usiku?

Jibu nililiona kwa macho yangu mwaka 1997, alipolazwa mjomba wangu, aliyekuwa amepooza upande mmoja wa mwili, katika hospitali ile ile. Kazi aliyoifanya mama ilikuwapo kama zamani. Waliopunguzwa ni watu, kazi haikupunguzwa. Sakafu zilichafuka kama zilivyokuwa zikichafuka, mabeseni yalijaa kama yalivyokuwa yakijaa, na ngozi ya mtu aliyepooza haikupata habari ya kubana matumizi. Sehemu ya kazi ile ilimwangukia mwuguzi, ambaye tayari alikuwa na yake. Sehemu nyingine tulitwikwa sisi jamaa wa wagonjwa, tuliolala juu ya mikeka chini ya vitanda. Mkulima aliacha shamba katika msimu wa palizi ili amwuguze mkewe. Binti aliacha shule ili amlishe baba yake. Hasara hiyo haikuandikwa katika kitabu chochote cha Serikali, na kwa kuwa haikuandikwa, ilihesabiwa kuwa akiba. Asiyekuwa na jamaa alilala katika unyevu wake mpaka mtu amwonee huruma.

Usiku mmoja mama alikuja kunipokea zamu. Kitanda cha pili kilikuwa na bibi kizee mmoja ambaye hatukumjua, naye hakuwa na mtu. Mama alimtazama kidogo, akavua ushungi, akakunja mikono ya gauni lake, akamgeuza, akamfuta, akatandua shuka lililolowa na kutandika kanga yake mwenyewe. Mwuguzi wa zamu, msichana aliyekuwa peke yake kwa wagonjwa zaidi ya arobaini, alikuja akasimama mlangoni. Alisema, "Shikamoo, mama. Mungu akulipe. Mimi nina mikono miwili tu." Mama alimjibu, "Marahaba, mwanangu. Mingine miwili ilikuwa hapa, ikasemwa kuwa ni ya ziada."

Hayakuwa maneno ya uchungu. Aliyasema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Lakini tangu siku ile nimeyapima katika kila mjadala wa afya niliousikia, na sijapata mjadala uliowashinda watu wawili wale. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mshahara wa mhudumu, wa mwuguzi, wa mkunga na wa mganga haukai kando ya matibabu. Ndio matibabu yenyewe yakitajwa kwa jina la fedha. Dawa haijimezeshi, wala sindano haiendi peke yake kwenye mshipa.

Angalia msamaha uliotangazwa pamoja na uchangiaji wa gharama. Wanawake wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano waliondolewa ada, na jambo hilo lilikuwa la utu. Lakini mzazi anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufa katika muda wa saa chache, na kinachomwokoa ni mtu aliyefunzwa ambaye yuko karibu, anamwona, na anajua la kufanya. Ikiwa mkunga ni mmoja na wazazi ni watano, msamaha wa ada umemfaa nini yule wa tano? Amesamehewa bei ya kitu ambacho hakipo.

Mabishano haya hayajazeeka. Mwaka 2023 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Katika Kenya, mwaka 2024, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali ulitoa nafasi kwa mamlaka mpya, na mwaka huo huo madaktari waligoma, mojawapo ya madai yao likiwa ni vijana waliohitimu na kukawia kupangiwa kazi. Mwezi wa Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nchi za nje, na katika nchi zetu washauri nasaha, wahudumu wa afya wa vijijini na waandishi wa takwimu waliolipwa kwa misaada hiyo wakaachishwa kazi. Wabunge wa huko walibishana juu ya haki ya mlipa kodi wao, na wa huku juu ya aibu ya kutegemea mkono wa mgeni. Pande zote mbili zilikuwa na la kusema. Lakini aliyekuwa akipita nyumba hata nyumba kumkumbusha mgonjwa dawa zake alikuwa amekwisha kuacha kupita.

Sisemi kwamba hakuna mtumishi wa kupunguzwa. Mvivu na aongozwe au aondoke, na jina la marehemu lifutwe katika orodha ya malipo. Bima nayo ni jambo jema, kwa maana humwondolea mnyonge hofu ya mlangoni. Nasema tu kwamba bima ni ahadi ya kulipa, na ahadi ya kulipa haimgeuzi mgonjwa. Rahisi huvunja upishi. Na hospitali iliyorahisishwa kwa kuondolewa mikono ni chungu kizuri kisicho na mpishi.

Kwa hiyo, msomaji, atakapokuja mbele yako mtu wa chama chochote na mpango wake wa kutengeneza hospitali, msikilize kwa adabu mpaka amalize. Usimpigie makofi wala usimzomee. Mwulize swali moja: usiku, taa zikiisha kupunguzwa, wodini atakuwamo nani? Akiweza kukuhesabia watu hao kwa idadi na kwa zamu, mpango wake wastahili kujadiliwa. Akikuhesabia fedha peke yake, mwombe aanze tena.