Mlima Usio na Njia

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Mzee mmoja wa Unguja aliyefika Liparamba, kusini ya Mbinga, aliisikia methali hiyo tangu utotoni, na kila alipoisikia ilimchoma. Mama wa bibi yake hakuiacha asili, aliporwa kwayo. Alishushwa Kilwa na misafara ya watumwa iliyotoka Nyasa, kisha akavushwa bahari kabla ya soko la Unguja kufungwa mwaka 1873. Jina la kijiji chake halikufika. Lililofika ni neno moja tu: Mnyasa.

Akaupanda mlima pamoja na kijana mwenyeji. Ilikuwa Oktoba, mvua bado. Nyasi zilikwisha kuungua, na miyombo ilikuwa imechipua majani mekundu. Njia haikuwapo. Kijana hakuitafuta, alilitazama jabali, akaupima mteremko, ndipo akatua mguu. Mgeni, aliyezoea mchanga na vichochoro vya mji, aliteleza juu ya changarawe, magoti yakimuuma.

"Mwanangu, watu wa zamani walipita wapi?"

"Njia ni ya anayerudi, mzee. Isiporudiwa, nyasi huifunika."

Mzee akasimama kimya. Katika karne ya 19, Wamatengo walipanda vileleni kuwakimbia Wangoni, na inasimuliwa kuwa huko ndiko walikojifunza kuchimba ngolo, vishimo vinavyozuia udongo wa miinuko usichukuliwe na mvua. Waliowahi kupanda walibaki na majina yao. Waliokamatwa waliteremka, na hawakurudi.

Kutoka juu, kijana alimwonyesha bonde la Ruvuma. Mvua ya upande huu huingia mto huo, ikaelekea mashariki hadi Bahari ya Hindi. Ya upande wa pili wa milima huteremkia Ziwa Nyasa, ikatoka kwa mto Shire, ikaingia Zambezi, nayo ikafika bahari ile ile. Mzee alikumbuka kwamba maisha yake yote amekuwa akiyaoga maji hayo, na hakupata kuyauliza yatokako.

Kijiji hakukiona. Lakini wakati wa kushuka, kijana alipotaka kumpitisha penye wepesi zaidi, alikataa kwa upole. Alirudi kwa mawe yale yale aliyopandia, akiyakanyaga kwa nguvu, moja baada ya jingine.