Kuhamishwa si Uhamisho

Nyanya yangu alipofariki, nilikabidhiwa wasifu wake niutafsiri kwa Kiswahili, kwa kuwa wakwe zetu wa Pwani hawakijui Kikuyu. Wasifu wa mazishi kwetu Mukurwe-ini una vichwa vyake vya kawaida: kuzaliwa, elimu, ndoa, ugonjwa, kifo. Nikadhani ni kazi ya saa moja.

Kichwa cha kwanza hakikunisumbua, maana hakina mshindani: uzazi ni shughuli ya mama, uzao ni watoto. Aliyezaliwa ana kuzaliwa kwake tu. Elimu ndiyo iliyonikwaza. Nyanya hakutia mguu shuleni utotoni. Alijifunza kusoma uzeeni, katika darasa la ngumbaru. Kinyume cha elimu ni ujinga, na nani angemwandikia nyanyake hivyo? Kitenzi-jina, ambacho hukubali kukanushwa, kikaniokoa: "Kutosoma na Kusoma Kwake".

Kisha nikafika mwaka wa 1954. Wakati huo wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni iliwaondoa watu wa Nyeri katika maboma yao yaliyotawanyika, ikawakusanya katika vijiji vilivyozungukwa na mahandaki ambayo wanavijiji wenyewe, wanawake wakiwa wengi, walilazimishwa kuyachimba. Rasimu yangu ilisema "uhamisho". Niliposoma tena niliona haya. Uhamisho hupewa mwalimu kwa barua. Uhamiaji nao ungemfanya nyanya msafiri aliyefungasha kwa hiari. Nomino zote mbili zimeidondosha ile -w- ya kauli ya kutendwa, na ikidondoka hiyo, hakuna anayeuliza ni nani aliyetenda. Nikaandika "Kuhamishwa Kwake".

Baba mkubwa hakupendezwa. Alisema uhamisho ni neno la heshima, tena fupi, na kwamba miongoni mwa waombolezaji watakuwapo wana wa askari waliosimamia uchimbaji ule. Sikubishana naye kuhusu waombolezaji. Nilimweleza sarufi tu. Akaguna.

Kichwa cha mwisho nilikiacha "Kifo", kwani "Kufa Kwake" kungenidai nisimulie jinsi alivyokufa, na miezi ile ya mwisho ni yetu sisi wa nyumbani.

Siku ya mazishi baba mkubwa ndiye aliyesoma. Alipofika kwenye kuhamishwa alinyamaza kidogo, akavua miwani, kisha akaongeza maneno mawili ambayo mimi sikuthubutu kuyaandika: "na serikali".